Mkahawa wa nyuma ya Komazawa: mbwa hupewa maji kwanza, wewe subiri menyu

Mugi, mbwa ninayemtembeza, huletewa bakuli la maji kabla mimi sijaletewa menyu. Hilo lijueni mapema. Baada yake ndipo inakuja glasi yangu yenye barafu na kitaulo cha moto cha kufutia mikono, na hapo siwezi kulalamika, maana kitaulo chenyewe kina joto la kweli na hakinuki dawa. Ila utaratibu ndio huo: mbwa kwanza, mtu baadaye. Kama wewe ni wa kununa ukitanguliwa na mbwa, mikahawa ya kawaida pale kituoni imejaa tele na kahawa yake ni rahisi zaidi.

Mimi nimepanga chumba cha juu kwa bibi mmoja hapa Setagaya, Tokyo, ambaye magoti yamemgomea. Kodi ananipunguzia, nami asubuhi na jioni namtembeza mbwa wake. Mugi ni dume la Shiba, aina ya mbwa wa Kijapani, umri umeshasogea, hapendi kushikwa na mtu asiyemjua, na akikataa kutembea amekataa: anakaa chini katikati ya njia, anaangalia pembeni, na watu wanamzunguka kwa heshima zote. Jirani yetu ni bustani ya Komazawa, ile iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1964, ambako wanawake wa Japani waliwashinda Wasovieti wakachukua dhahabu ya voliboli. Siku hizi utakuta wakimbiaji, watoto wanaojifunza baiskeli, na uwanja wa mbwa uliozungushiwa uzio. Kwa sababu ya huo uwanja, mitaa ya jirani imeota mikahawa inayopokea mbwa. Mingi inawapokea nje tu, barazani, jua lako mvua yako. Huu ninaousema unawaingiza mpaka ndani. Jina lake silitaji kwa makusudi. Una viti visivyofika 20, mwenyewe anapika na kuchuja kahawa peke yake, binti mmoja humsaidia mwisho wa wiki, na foleni hataki hata kuisikia. Wateja wote humwita Masta, ndivyo wenye mikahawa ya zamani wanavyoitwa huku, basi nami nitamwita hivyo hivyo.

Mlangoni ndipo pa kupimia mahali kama hapa, kuliko hata jikoni. Siku ya kwanza mbwa wako haingii mpaka uonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Sheria ya chanjo hiyo ni ya 1950, kila mbwa anachanjwa kila mwaka na kusajiliwa kwa manispaa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 ugonjwa huo haujaonekana tena kwa mbwa wa humu nchini. Kwa mwenzenu niliyekulia Bukoba, ambako ukikutana na mbwa usiyemjua unainama kwanza kutafuta jiwe, hili si jambo dogo. Nilichukua muda kuamini kwamba naweza kukaa chumba kimoja na mbwa saba wa watu nisiowajua nikanywa kahawa bila kukunja miguu kitini.

Halafu miguu. Pembeni ya mlango kuna benchi fupi, ndoano za kufungia kamba, na kikapu cha vitambaa vyenye unyevu. Kila mtu anakaa, anamfuta mbwa wake nyayo moja moja, katikati ya vidole pia, ndipo anaingia. Mbwa wa hapa wamezoea mpaka wanautoa mguu wenyewe. Mugi anatoa mitatu, wa nne tunagombania. Dume analazimika kuvaa mkanda wa nepi tumboni ili asiweke alama zake kwenye miguu ya meza. Ukisahau wako, Masta anauza kwa yeni 100. Ukishaingia, kamba inafungwa kwenye kulabu chini ya meza, fupi. Mbwa hapandi kitini labda umtandikie mkeka wake mwenyewe. Haruhusiwi kula kwenye sahani yako, hata ukimlisha kwa kijiko chako ukadhani hakuna anayeona. Na kwa mbwa wasiopenda kusogelewa kuna utepe wa manjano, unaufunga kwenye kamba na watu wanapita mbali. Mugi huvaa utepe huo, nami nimeanza kufikiria kuomba wangu.

Jambo moja limebandikwa kioo cha mlangoni: kibandiko cha mbwa wa kuwasaidia walemavu. Hao hawahusiki na masharti ya hapo juu. Kuna sheria ya 2002 inayozitaka hata biashara za watu binafsi ziwapokee, mbwa wa kumwongoza asiyeona akiwa mmoja wao. Asubuhi moja alikuja mama asiyeona na mbwa wake mkubwa mweusi, na chumba kizima kikajipanga bila amri: watu walivuta kamba zao, wakainua vigari, njia ikafunguka mpaka kaunta. Mbwa yule alilala chini ya meza na hakuinua kichwa hata pale kijibwa kimoja kilipomkoromea kutoka mapajani mwa mwenyewe.

Vigari, ndiyo. Vile vya kusukumia watoto, ila ndani amekaa kijibwa aina ya pudeli kavaa sweta. Mgeni kutoka nyumbani huinama kuangalia mtoto, akainuka kwa kasi. Huku watoto wa chini ya miaka 15 hawafiki milioni 14, na mbwa na paka ukiwajumlisha wanawazidi. Sicheki tena. Wengi wa wanaosukuma ni wazee, na mbwa wao nao ni wazee wasioweza kutembea kutoka nyumbani mpaka bustanini. Jumapili mchana, hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia, maana huwa kuna sherehe za kuzaliwa: kofia za karatasi, keki ya viazi vitamu, mbwa sita wamepangwa mstari wapigwe picha na wote wanaangalia kwingine. Mimi hapo hulipa nikaondoka.

Tabia za watu zimenivutia kuliko mapambo. Siku moja kijibwa cha meza ya dirishani kilianza kubweka na hakikunyamaza. Hakuna aliyegeuka kukodoa macho. Mwenyewe, kijana wa makamo aliyevalia suti, alisimama, akamkumbatia mbwa wake, akainamisha kichwa kwa kila meza, zote, kisha akatoka naye nje na kumaliza kahawa yake akiwa amesimama kwenye baridi. Masta akampelekea kikombe kingine bila kuitwa. Mara nyingine mtalii mmoja alimpandisha mbwa kitini hivi hivi. Masta hakusema neno. Alikuja na mkeka, akampa kwa mikono miwili, akasubiri huku anatabasamu mpaka ulipotandikwa. Mtalii aliona haya kuliko ambavyo angeona kwa kufokewa.

Nimeshaizoea pia njia yao ya kujuana. Kwetu mwanamke akizaa anapoteza jina lake, anakuwa Mama Koku, Mama Juma, na ndio mwisho. Mimi sijazaa, lakini mtaa huu wote ninaitwa Mama Mugi. Wanajua Mugi ana kilo ngapi, meno yake yalisafishwa lini, kuku gani anamletea muwasho. Jina langu hawajawahi kuliuliza. Wakitaka kupiga picha wanaomba ruhusa vizuri kabisa, nami naanza kunyoosha nywele, kumbe ni ya mbwa. Kwa mtu mweusi aliyechoka kuulizwa kila mahali ametoka wapi na atarudi lini, nakwambieni, ni raha isiyo kifani kuingia mahali ambapo swali la kwanza ni kama mbwa wako amepata choo vizuri leo.

Sasa kahawa, maana bila hiyo nisingepoteza muda kuandika. Masta anachuja kwa mfuko wa kitambaa cha flaneli wenye mpini wa waya, ambao usiku anaulaza ndani ya maji kwenye friji usikauke. Anapima unga, anausawazisha kwa kidole, kisha anamwaga maji kwa uzi mwembamba kabisa akizungusha mkono, na kahawa inavimba juu kama andazi. Hapo anasimama. Anasubiri itulie. Anamwaga tena. Kikombe kimoja kinamla dakika nyingi, na watu wanaokaa kaunta wananyamaza wakimwangalia.

Kwenye menyu kuna Kilimanjaro, yeni 680. Japani, kahawa ya Tanzania ya aina ya arabika huuzwa kwa jina hilo, iwe imetoka Moshi, Mbinga au Mbozi, na hata kahawa ya kuchanganya ikitaka kuitwa hivyo lazima iwe na angalau asilimia 30 ya hiyo. Ila kuna moja imetolewa nje. Kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huku zinasema ni arabika ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba. Masta ndiye aliyenionyesha, kitabuni, kwa kidole, baada ya kuniuliza nimetoka mkoa gani. Akaomba radhi yeye binafsi, kana kwamba ndiye aliyeitunga.

Basi nilipotoka likizo nilimletea amwani, ile buni yetu ya kutafuna, imechemshwa na majani yake ya kunukia ikaanikwa, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Alikata kamba kwa mkasi mdogo, akanusa jani kabla ya kunusa buni. Nikamwelekeza kwamba kwetu mgeni hupewa hiyo kwanza, mazungumzo baadaye. Akaweka mbili mdomoni, akazitafuna na ganda lake, akafumba macho. Watu wa kaunta wakasubiri. Alipofumbua alitoa daftari akaandika mistari kadhaa, kisha akazigawa zilizobaki, moja moja, kwa kila aliyekaa pale. Mzee mmoja aliitoa kistaarabu kwenye karatasi. Nyingine ziko kwenye chupa ya kioo karibu na pa kulipia, haziuzwi. Kilimanjaro yake, kwa haki, ni nzuri: nyepesi, ina uchachu wa mbali wa ndimu, na ikipoa inazidi utamu. Usitie maziwa. Akikuona unatia hasemi kitu, lakini anageuka kuosha vikombe.

Orodha ya chakula si ndefu. Asubuhi, ukiagiza kahawa unaongeza yeni 200 unapata tosti nene ya vidole vitatu na yai la kuchemsha; kawaida hiyo asili yake ni mikahawa ya upande wa mji wa Nagoya, na huko mara nyingi hawaongezi hata hiyo 200. Ipo pia tosti ya Nagoya yenye siagi na maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Najua, najua. Onjeni kwanza, siagi ina chumvi na ndiyo inayookoa. Sandwichi ya mayai ni laini na mayai hayajaiva sana katikati. Tambi za Napolitan, zilizokaangwa kwa tomato sosi ya chupa, ni chakula cha utoto kwa Wajapani wengi. Mimi sikukulia hapa, sizioni kitu. Mchuzi wa kari na wali ni mzito na mtamu, hauna pilipili ya kumtoa mtu jasho.

Chakula cha mbwa kina menyu yake, ina picha. Kifua cha kuku kilichochemshwa na malenge. Viazi vitamu na mtindi. Nyama ya kulungu wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ambao huwindwa kwa kuwa wamezidi wanakula mazao na magome ya miti. Chumvi hakuna, kitunguu hakuna, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kila kitu huja kwenye bakuli la karatasi linalotupwa, na hilo nimelipenda: bakuli la mbwa halikutani na kikombe chako kwenye sinki moja. Sahani ya kulungu ni yeni 780, sandwichi yangu ni 750. Mbwa wa watu anakula ghali kuliko mimi, na anamaliza kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kumfunga kamba. Bibi ndiye anayelipa ya Mugi. Ananipa kijipochi cha chenji na kunionya nisimlete akiwa na njaa halafu nimnunulie viazi tu.

Shoga yangu mmoja wa Tanga, Mwislamu, alipokuja Tokyo kikazi alitaka kukiona hicho kioja. Nilimwambia wazi habari za mbwa, mate na kila kitu, maana kwa mtu wa pwani hilo si la mzaha: mbwa akilamba chombo ni kuosha mara saba, moja kati yake kwa udongo. Hapa ndipo mkahawa ulipojipatia heshima kwangu. Nyuma, ngazi mbili juu, kuna chumba kidogo cha meza tatu ambacho mbwa haingii kabisa, na kina mlango wake kutokea uchochoroni, kwa hiyo hupiti katikati ya mikia. Masta aliweka hivyo kwa ajili ya wenye mzio. Mugi akabaki nyumbani siku hiyo. Shoga akauliza maswali yake, mimi nikatafsiri: sandwichi ina nyama ya nguruwe? Ile ya nyama iliyokaushwa, ndiyo. Napolitan? Soseji ya nguruwe. Kari? Masta akaenda jikoni, akarudi na pakiti yenyewe, akasoma kwa sauti mpaka mafuta ya nguruwe. Pudingi? Mayai, maziwa, sukari, jelatini hamna. Kuku wa mchana? Anatiwa mvinyo wa wali kidogo wakati wa kupika. Hakukasirika, hakubahatisha, na asichokijua alikwenda kukisoma. Shoga akaishia kwa sandwichi ya mayai, pudingi na Kilimanjaro, na alipoondoka alisema kwenye hoteli yake hawajawahi kumjibu nusu ya hayo.

Kasoro zipo na nitazitaja. Choo ni kimoja, na ni chembamba mpaka ukiwa na begi mgongoni unaingia kinyumenyume. Mwisho wa wiki unaruhusiwa kukaa dakika 90 tu, kisha binti anakuja kupiga magoti pembeni ya meza kukukumbusha kwa upole ambao unaumiza kuliko ukali. Kila mtu lazima aagize kinywaji chake, hata yule aliyekusindikiza na hana kiu. Masta akiwa peke yake na wateja wakajaa, tosti inaweza kufika wakati kahawa imeshapoa. Na mwezi wa Juni, majira ya mvua, hakuna vitambaa vitakavyoficha ukweli: chumba kinanuka mbwa waliolowa. Wanafungua madirisha, wanawasha feni, wanafuta sakafu kila mara, na harufu bado ipo. Mimi majira hayo hukaa chumba cha nyuma au siendi.

Kiangazi ni kitu kingine. Agosti lami inaunguza, watu hushusha kiganja chini kupima kabla ya kumruhusu mbwa akanyage, na matembezi yote yanahamia alfajiri. Masta hufungua saa moja asubuhi badala ya saa tatu. Hapo ndipo mahali panapendeza zaidi: wote tumeshatoka jasho, mbwa wamelala kifudifudi kwenye vigae vya baridi miguu imenyooka nyuma, na hakuna anayeongea mpaka kikombe cha kwanza kishuke.

Kufika: shuka kituo cha Komazawa-daigaku, cha tatu kutoka Shibuya kwa treni inayosimama kila kituo, kisha elekea bustanini. Ukija na mbwa kwa treni awe ndani ya begi au sanduku lililofungwa, kichwa kikiwemo, na uzito wa vyote usizidi kilo 10. Kwa Shiba aliyeshiba hesabu hiyo inakataa, njooni kwa miguu. Jumatano pamefungwa. Naupa nyota 4. Ya tano nimeizuia chooni. Na bebeni pesa taslimu, kadi hazipokelewi. Ukipungukiwa, Masta anakukopesha bila maneno, ila deni analiandika kwa jina la mbwa.